Laptopu za ex-UK za mtandaoni: zangu mbili zimekufa Lamu, ya ndugu yangu Nairobi bado inadunda. Kwa nini?

#1 Mwana wa Mkomani
Salaam aleikum. Nisaidieni kabla sijaingia hasara ya tatu.

Mwaka juzi niliona tangazo la muuzaji wa Nairobi: "ex-UK, gredi A, haina mchubuko," yaani mtumba wa kutoka Uingereza. HP EliteBook 840 G3, prosesa ya i5, ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, diski ya SSD GB 256, kwa elfu ishirini na mbili. Mimi na ndugu yangu anayekaa Eastleigh tukanunua mbili, siku moja, kwa muuzaji mmoja. Yake akaifuata kwa miguu. Yangu ikapakiwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti. Miezi mitano tu, asubuhi moja nabonyeza kitufe, taa inawaka, skrini giza. Nikaambiwa bodi kuu ya ndani imekwenda.

Nikajikaza nikanunua ya pili kwa muuzaji mwingine kabisa, ThinkPad T480, elfu thelathini na nne. Hii ilikaa miezi minane. Sasa haipokei chaji.

Ile ya ndugu yangu mpaka leo yuko nayo, na yule si mtu wa kutunza kitu, kibodi imeshakunywa chai mara mbili.

Swali langu: hawa wauzaji wa mtandaoni wanatutilia sisi wa mbali yale makapi, kwa kuwa wanajua hatutapanda basi kurudi kugombana? Au kuna jambo jingine?

#2 Kijana wa Moi Avenue
Pole bro. Mimi nauza hizi mashini kwa hivyo nitukaneni taratibu.

Muuzaji hakai kupanga "hii mbovu ya Lamu." Hana muda huo. Mzigo unavyokuja ni hivi: kampuni na ofisi za serikali huko Uingereza hukodi laptopu miaka mitatu au minne, mkataba ukiisha zinarudishwa zote kwa mkupuo. Madalali wananunua kwa maboksi, wanafuta diski, wanazipanga kwa gredi, zinapakiwa. Sasa watu hawaelewi gredi. Gredi A ni sura tu: mfuniko hauna mikwaruzo, skrini haina alama. Haisemi lolote kuhusu betri wala bodi. Unaweza kupata gredi C imekwaruzwa kama imeburutwa na ina roho ya paka.

Kwa hivyo kuna bahati humo ndani. Ndugu yako alipata nzuri, wewe ukapata chovu.

#3 Fundi wa Langoni
Bahati gani mara mbili? Mimi nafungua hizi mashini kila wiki hapa Langoni. Jibu nalijua na lina rangi: kijani.

Ukifungua laptopu iliyokaa Lamu mwaka mmoja, tazama miguu ya chipu karibu na feni, tazama soketi ya ram, tazama waya wa skrini unapoingia. Utaona kijani na unga mweupe. Chumvi hiyo. Feni inavuta hewa ya bahari na kuipuliza juu ya shaba siku nzima. Laptopu ya Nairobi inakula vumbi, na vumbi unalipiga brashi likatoka. Chumvi haitoki, inakula.

Muuzaji hana kosa. Bahari ndiyo yenye kosa.

#4 Maalim Kemia
Fundi amesema kweli lakini nusu. Chumvi ikiwa kavu haina madhara makubwa. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75. Hapo inayeyuka, inakuwa tone la maji ya chumvi juu ya bodi, na umeme ukipita shaba inaliwa haraka. Hapa kwetu asilimia 75 ni jambo la kila usiku, na kusi ikivuma ni mchana pia.

Sasa nimuulize mwenye uzi: zilikufa miezi gani? Na usiku ulikuwa ukiziweka wapi?

#5 Malindi Kwetu
Ehe, sisi Malindi tunaishi wapi, Turkana? Na sisi tuna bahari. Nina Dell Latitude E7470 ya ex-UK, nimeinunua mtandaoni, mwaka wa nne huu, niko mita mia tatu kutoka ufuoni. Haijapiga chafya. Nadharia ya chumvi naona inawafaa mafundi wa Lamu wapate la kusema wakishindwa.

#6 Fundi wa Langoni
@Malindi Kwetu unafanyia kazi chumba chenye AC?

#7 Malindi Kwetu
...ndiyo.

#8 Fundi wa Langoni
Nakushukuru.

#9 Mwana wa Mkomani
@Maalim Kemia ya kwanza ilikufa mwezi wa saba. Ya pili mwezi wa sita. Usiku huziweka zidakani, pale mama alipokuwa akipanga sahani zake za kizamani.

#10 Maalim Kemia
Subhanallah. Mwezi wa saba na wa sita, kusi kamili! Na zidakani! Ukuta wa nyumba za mji wa kale ni matumbawe na chokaa, mawe yaliyotoka baharini, yana chumvi ndani yake tangu enzi za babu. Umechukua kompyuta ukaiingiza ndani ya ukuta unaotoa jasho. Ungeitia ndani ya jahazi ingekuwa afadhali.

#11 Bi Mkubwa Shela
Wanangu, mimi siyui bodi wala chipu. Mwanangu alininunulia laptopu ya hizo za mitumba nifanyie hesabu za vyumba vya wageni. Mwaka wa sita huu. Nimekuwa nikiifunga kitambaani na mchele kidogo, natia kashani, kasha li mbali na ukuta. Ukuta wa Amu hunwa mayi kama mtu. Hilo hata asiyesoma alijua.

#12 Maalim Kemia
Bi Mkubwa, shikamoo. Kasha na kitambaa naviunga mkono. Mchele, kwa heshima, haunyonyi unyevu wa maana na huleta wadudu. Vile vipakti vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya vinafaa zaidi. Vikusanye kumi ndani ya mfuko mmoja.

#13 Bi Mkubwa Shela
Marahaba maalim. Viatu vipya nitatoa wapi, wewe utaninunulia?

#14 Kijana wa Moi Avenue
🤣🤣 Maalim amepatikana.

#15 Jirani wa Transfoma
Mnazungumza chumvi na hakuna aliyetaja umeme. Mimi nakaa Lamu tangu enzi za majenereta ya dizeli, kabla hatujaungwa na gridi kwa ile laini ya kilovolti 220 ya kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Tukasema sasa tumepona. Umeme bado unapotea, na unaporudi haurudi kwa adabu. Taa zinawaka sana, friji inanguruma, kisha inatulia. Sekunde hizo mbili ndizo zinazoua.

Nilipoteza televisheni na ruta kwa usiku mmoja. Laptopu ilipona kwa sababu ilikuwa haijachomekwa. Nunueni kifaa cha kulinda kile chenye kuchelewesha umeme dakika tatu ukirudi, halafu mje mniambie habari za chumvi.

#16 Fundi wa Langoni
Umeme ukiua laptopu huanza na chaja. Chaja inakufa, laptopu inabaki. Nimeona hivyo mara nyingi kuliko kinyume chake.

#17 Jirani wa Transfoma
Ikiwa chaja ni ya kampuni. Hizi zinazokuja na laptopu za mtandaoni ni za kampuni?

#18 Mtoto wa Witu
Hapo #17 pameniuma. Laptopu yangu ilikuwa HP halisi, chaja ilikuwa HP ya jina tu. Chaja ya HP ya wati 65 inaandikwa volti 19.5 na ampea 3.33. Yangu imeandikwa hivyo hivyo, lakini ipime kwa mkono: nyepesi kama sponji. Ya ofisini kwetu ni nzito maradufu. Niliyakata maplastiki nikaona ndani nusu ya sehemu hakuna kitu. Ilikuwa inachemka mpaka inanuka, na laptopu ikiwa kwenye chaja padi ya kipanya inaruka ruka yenyewe. Nilipobadilisha chaja kuruka kukaisha.

Muuzaji anaokoa mia saba kwenye chaja, wewe unapoteza elfu ishirini.

#19 Kijana wa Moi Avenue
Nakubali hilo, na sitajitetea. Laptopu kutoka Uingereza mara nyingi zinakuja bila chaja kabisa, chaja zinanunuliwa hapa kwa dazeni.

Lakini @Mwana wa Mkomani, hiyo T480 yako ngoja kwanza. T480 ilitoka 2018 na ina ugonjwa wake wa kuzaliwa. Programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt, inayohudumia tundu la USB-C, ilikuwa na kasoro, inaiandika andika kumbukumbu ya chipu mpaka inachoka, kisha tundu la USB-C linaacha kufanya kazi, na mashini hii huchajiwa kwa USB-C tu. Lenovo walitoa sasisho la kurekebisha 2019. Laptopu nyingi za ofisini hazikuwahi kuwekewa sasisho hilo, mwenye ofisi alikuwa anangoja mkataba uishe. Kwa hivyo inaweza kuwa si chumvi, si umeme, si mimi.

Jaribu hivi: ina matundu mawili ya USB-C, ubavuni kushoto. Chomeka chaja kwenye lile jingine.

#20 Mwana wa Mkomani
Sikujua kama lile jingine nalo linachaji. Nitajaribu jioni.

#21 Msomi wa Usita wa Mui
Mimi yangu ni i7, yaani kizazi cha saba, nimehakikishiwa inabeba Windows 11 bila wasiwasi. Nilitoa elfu ishirini na nane. Kwa hivyo si wauzaji wote wabaya.

#22 Kijana wa Moi Avenue
Kaka, i7 si kizazi cha saba. i3, i5, i7 ni daraja. Kizazi kinasomwa kwenye namba baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Yako imeandikwa i7 nini?

#23 Msomi wa Usita wa Mui
i7-6600U.

#24 Kijana wa Moi Avenue
Cha sita. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa unaelewa kwa nini 840 G3 na ndugu zake zimejaa sokoni kwa bei ya kutupa: ofisi za Ulaya zinazitoa kwa sababu hiyo, hata zikiwa nzima. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa ujanja, itawaka, lakini Microsoft hawakuahidi kitu.

#25 Msomi wa Usita wa Mui
Kumbe nimehakikishiwa na aliyekuwa anauza 😔

#26 Malindi Kwetu
Weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kunywa maji, endelea na maisha. Mimi hiyo Dell niliitoa Windows siku ya pili.

Sisi Malindi tuna soko jingine ambalo Lamu hamna. Wazee wa Kiitaliano wakihama wanauza kila kitu, vitanda, majokofu, kompyuta. Nilinunua moja nzuri sana kutoka kwa mzee mmoja. Tatizo kibodi ni ya kwao. Natafuta nukta mbili napata herufi yenye kofia. Mwanangu sasa anaandika insha za Kiswahili zina è na ò kama menyu ya piza.

#27 Mtoto wa Witu
Heri ya Kiitaliano, herufi zinakaa mahali pake. Mimi niliuziwa ya Kijerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi. Kila nikiandika "ya" inatoka "za". Barua yangu ya kuomba kazi ilisema "kazi za ualimu" kumbe nimeomba zote.

#28 Hamali Mstaafu
Nimewasoma wote, hakuna aliyemtaja punda.

Nimebeba mizigo gatini miaka kumi na moja. Boksi lenye laptopu likifika Mokowe limeshakaa chini ya magunia ya viazi tangu Nairobi. Hata baada ya lami kutoka Garsen, matuta yapo. Kisha linarushwa botini, aliye chini analidaka au halidaki. Kisha linapanda mkokoteni au punda mpaka mtaani. Mimi mwenyewe nimewahi kuangusha. Sikumwambia mwenyewe. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Kitu chochote kilichochomekwa ndani ya laptopu hutikisika kikalegea. Hakitoki siku hiyo. Kinatoka taratibu.

#29 Fundi wa Langoni
Sasa nimejua miaka yote nilikuwa napata wapi kazi.

#30 Hamali Mstaafu
Ungenipa kamisheni.

#31 Ex-USA Aliyeungua
Mimi si laptopu, ni kompyuta ya mezani, ile ndogo nyeusi ya ofisi. Tangazo lilisema ex-USA. Nyuma ya kisanduku cha umeme kuna swichi nyekundu imeandikwa 115. Sikuiona. Nikachomeka kwenye soketi yetu ya 240. Pu! Moshi, mke wangu nje na watoto. Muuzaji akaniambia "umeichoma mwenyewe." Kweli niliichoma mwenyewe, lakini aliyeiweka 115 na kuniuzia Kenya ni nani?

Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa 100 mpaka 240, hazina shida hiyo. Za mezani zilizo kuukuu tazameni swichi kabla ya kuchomeka.

#32 Wakili wa Baraza
Ndugu, sheria ipo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina vifungu kuhusu mikataba ya kwenye intaneti, muuzaji anatakiwa akueleze bidhaa wazi kabla hujakubali. Na ipo Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60. Hifadhini picha za tangazo na ujumbe wa M-Pesa.

#33 Ex-USA Aliyeungua
Tangazo alilifuta siku ya pili. Jina la ukurasa nalo amebadilisha, sasa anauza viatu.

#34 Bi Mkubwa Shela
Basi muulize kama viatu vina vile vipakti vya maalim.

#35 Mama Hesabu
Nimecheka lakini niseme jambo. Laptopu mbili si hesabu. Ndugu yake mmoja Nairobi si hesabu. Hatujui ndugu yake ana majirani wangapi waliokufiwa. Na kuna tofauti nyingine hakuna aliyeigusa: yule wa Eastleigh anaitumia kila siku, kutwa imewaka. Laptopu iliyowaka ni ya moto, unyevu haukai. @Mwana wa Mkomani wewe unaitumia mara ngapi?

#36 Mwana wa Mkomani
Kusema kweli Ijumaa na Jumamosi, nikiandika maombi ya kazi. Naitumia juu darini, chini ya makuti, upepo wa bahari unapiga vizuri.

#37 Fundi wa Langoni
DARINI.

#38 Maalim Kemia
Darini mchana, zidakani usiku. Hii haikufa, ilisulubiwa.

#39 Mjukuu wa Siyu
Narudi kwenye swali lenyewe, kwa sababu mnamlaumu mgonjwa. Mimi naamini tunapewa makapi. Mwaka jana niliagiza ThinkPad, ikaja na paswadi ya BIOS (programu ya kuwashia mashini) ya mwenyewe wa zamani. Huwezi kubadilisha chochote. Nikaambiwa nitoe ile betri ndogo ya saa itajifuta. Nilitoa, nikaiacha siku nzima, wapi. Kwenye ThinkPad paswadi ile ya msimamizi imehifadhiwa kwenye chipu, betri haihusiki. Mnunuzi aliye dukani angeiwasha pale pale akaiona akaikataa. Ilipelekwa kwa nani? Kwa mtu wa Siyu ambaye kurudisha ni boti mbili na basi. Bahati hiyo?

#40 Kijana wa Moi Avenue
...hapo sina jibu zuri. Wapo wanaofanya hivyo. Kabla ya kulipa mwambie akurekodie video moja bila kukatiza: aonyeshe namba ya siri iliyo chini ya mashini, aingie BIOS, kisha Windows aandike powercfg /batteryreport uone uwezo wa betri wa kiwandani na uliobaki, kisha afungue CrystalDiskInfo uone diski imefanya kazi kwa saa ngapi. Picha usikubali, picha moja huuza laptopu hamsini. Akikataa video, mpite.

#41 Mjukuu wa Siyu
Namba ya siri au namba ya mashini? Ya siri ndiyo iliyonishinda.

#42 Kijana wa Moi Avenue
Ya mashini 😅 Ulimi umeteleza.

#43 Mwana wa Mkomani
Nina habari.

T480: nimejaribu tundu la pili. Kimya. Kijana wa Moi Avenue, ahsante, lakini imebaki maiti.

EliteBook: nimeipeleka kwa Fundi wa Langoni mwenyewe, kumbe tunapishana kila siku hatujuani. Akaifungua, akatoa ram, akasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, akairudisha. IMEWAKA. Mwaka mzima na zaidi nimeitunza chini ya kitanda kama msiba, kumbe nzima. Aliyeniambia bodi imekwenda hakuifungua hata skrubu moja.

#44 Fundi wa Langoni
Meno ya ram yalikuwa na ukungu wa kijani. Chumvi. Nadhani kesi imekwisha.

#45 Hamali Mstaafu
Ram ilikuwa imekaa sawa ulipoifungua, au imelegea?

#46 Fundi wa Langoni
Ilikuwa imeinuka kidogo upande mmoja.

#47 Hamali Mstaafu
Nakushukuru.

#48 Mjukuu wa Siyu
Ilikuwa ram ngapi humo ndani? Tangazo lilisema 8.

#49 Mwana wa Mkomani
Windows inaonyesha 4. Nilikuwa sijawahi kutazama.

#50 Mjukuu wa Siyu
Basi msinifunge mdomo tena.

#51 Kijana wa Moi Avenue
Ulizia ya ndugu yako ina ngapi kabla hujahukumu. Mlinunua siku moja.

#52 Mwana wa Mkomani
Nimempigia. 8. Anacheka mpaka sasa.

#53 Jirani wa Transfoma
Na mimi bado nasema umeme.

#54 Fundi wa Langoni
@Mwana wa Mkomani pesa utanipa ukipata kazi, sina haraka. Lakini ile raba umeondoka nayo, ni ya mtoto wangu wa darasa la tatu na kesho ana mtihani.